Chunjua sehemu za siri: Kwa nini hurudi baada ya tiba, na tiba ipi inakufaa

Mgonjwa aliyeota chunjua sehemu za siri, akatibiwa, kisha zikamrudia, mara nyingi hurudi kwa daktari na maswali mawili. La kwanza hulisema wazi: “Dawa niliyopakwa ilikuwa feki?” La pili huchelewa kulitoa, au halitoi kabisa: “Ina maana mwenzangu ameniambukiza tena?”

Mara nyingi jibu la maswali yote mawili ni hapana. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi hawaelezwi tangu siku ya kwanza tiba ya ugonjwa huu inafanya nini na haifanyi nini. Zinaporudi, wapo wanaokata tamaa na kuhamia kwenye dawa za kuunguza zinazouzwa mitaani, na wapo wanaogombana na wenza wao hadi kuachana. Leo tuangalie tiba zilizopo, namna ya kuchagua, na mambo ambayo mjamzito na mzazi wanapaswa kuyajua.

Chunjua hizi ni nini?

Ni vinyama laini vinavyoota kwenye uume, mfuko wa korodani, mashavu ya uke, ndani ya uke, kwenye mlango wa kizazi au kuzunguka njia ya haja kubwa. Wengine huziita masundosundo. Huweza kuwa moja au nyingi, bapa au zenye umbo kama ua la koliflawa. Kwa kawaida haziumi, ingawa huwasha na wakati mwingine hutoa damu zikikwaruzwa.

Husababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Kina aina zaidi ya 100, na aina mbili kati ya hizo, namba 6 na 11, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 90 ya chunjua za sehemu za siri. Wengi huogopa wanaposikia kuwa HPV inahusishwa na saratani ya mlango wa kizazi. Ni kweli inahusishwa, lakini hizo ni aina nyingine, hasa namba 16 na 18. Aina zinazoleta chunjua ni nadra sana kuleta saratani. Hata hivyo, mtu anaweza kubeba aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwanamke mwenye umri wa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi asiache kupima, awe na chunjua au asiwe nazo.

Kirusi hiki huenea kwa ngozi kugusana na ngozi wakati wa kujamiiana. Kondomu hupunguza hatari lakini haiondoi yote, kwa sababu haifuniki ngozi yote ya eneo hilo. Kukalia choo cha watu wengi si njia ya kuambukizwa.

Si ushahidi wa usaliti

Tangu mtu aambukizwe hadi chunjua zionekane hupita wiki kadhaa au miezi kadhaa, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Wengi walioambukizwa hawaoti chunjua kabisa, lakini wanaweza kumwambukiza mwingine bila wao kujua. Hivyo mke au mume aliyeota chunjua leo anaweza kuwa alipata kirusi kabla hajamfahamu mwenzake, au alikipata kwa mwenza ambaye naye alikibeba kwa muda mrefu bila dalili. Hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha nani alianza. Kabla ya kumfungashia mtu virago, hilo lifahamike.

Mwenza asiye na chunjua hahitaji kupakwa dawa. Anachohitaji ni kuchunguzwa, na wote wawili wapimwe magonjwa mengine ya ngono.

Kwanza ithibitike kuwa ni chunjua

Si kila kinachoota sehemu za siri ni chunjua. Wanaume wengi, hasa vijana, huwa na vipele vidogo vyenye rangi ya ngozi vilivyojipanga kwa mstari kuzunguka kichwa cha uume. Hivyo ni maumbile na havihitaji tiba. Wanawake nao huwa na vinundu vya aina hiyo ndani ya mashavu madogo ya uke. Kuvichoma ni kujiumiza bure.

Upande wa pili kuna kaswende. Katika hatua yake ya pili, kaswende huweza kuotesha vinyama bapa vyenye unyevu vinavyofanana sana na chunjua. Hivi havitibiwi kwa kuchomwa, vinatibiwa kwa sindano ya penisilini. Ndiyo maana kipimo cha damu cha kaswende, pamoja na cha VVU, ni sehemu ya matibabu na si dharau kwa mgonjwa.

Kwa kawaida daktari hutambua chunjua kwa kuangalia tu. Atachukua kinyama kidogo kwenda maabara iwapo ni cheusi, kigumu, kina kidonda, kinatoa damu chenyewe au hakisikii tiba.

Tiba huondoa kinyama, haiondoi kirusi

Hili ndilo jambo la msingi. Tiba zote zilizopo leo huondoa chunjua inayoonekana. Kirusi hubaki kwenye ngozi ya jirani, ambayo kwa macho haina dosari yoyote, na kinaweza kuotesha nyingine. Zikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Hiyo haimaanishi dawa ni feki wala kwamba kuna maambukizi mapya.

Kinachomaliza kazi ni kinga ya mwili. Kwa watu walio wengi, mwili hukidhibiti kirusi hiki ndani ya miaka miwili hivi. Kazi ya tiba ni kumwondolea mgonjwa vinyama, muwasho na mawazo katika kipindi hicho. Antibayotiki, iwe ya vidonge au ya sindano, haina kazi hapa, kwa sababu huua bakteria na si virusi. Ukiandikiwa, uliza inatibu nini.

Hakuna tiba moja inayozishinda nyingine zote kwa kila mgonjwa. Tuzitazame.

Tiba za kituoni

Podofilini. Imetumika kwa miaka mingi katika kliniki za magonjwa ya ngono. Ni dawa ya majimaji, inayotokana na utomvu wa mmea, na hupakwa na mhudumu mara moja kwa wiki. Ngozi ya pembeni hukingwa kwa mafuta ya mgando. Dawa ikikauka, mgonjwa huondoka na kuiosha kwa maji na sabuni baada ya saa moja hadi nne. Usilale nayo ukidhani itafanya kazi zaidi. Ikipakwa eneo kubwa au kwenye kidonda hupenya kuingia mwilini na ni sumu. Mjamzito haruhusiwi kabisa kuitumia.

Asidi ya trikloroasetiki. Nayo hupakwa na mhudumu kila wiki, tone dogo juu ya chunjua, na papo hapo kinyama hugeuka kuwa cheupe. Inauma kama moto kwa dakika chache. Ni nyepesi kama maji na huchuruzika kwa urahisi, kwa hiyo mgonjwa hapaswi kuvaa wala kunyanyuka kabla haijakauka. Faida yake kubwa ni kwamba inaweza kutumika kwa mjamzito.

Kugandisha kwa baridi. Naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hupulizwa au kuguswishwa kwenye chunjua. Kinyama huganda, hufanya lengelenge, kisha hudondoka. Hurudiwa kila baada ya wiki moja au mbili. Ni salama kwa wajawazito. Kwa ngozi nyeusi inaweza kuacha baka jeupe kwa muda.

Upasuaji mdogo. Mgonjwa huchomwa ganzi, kisha chunjua hukatwa kwa mkasi au kisu, huchomwa kwa umeme, au kwa leza pale ilipo. Hufaa zaidi zikiwa kubwa, nyingi au zilizobebana. Faida yake ni kwamba mgonjwa anaweza kutoka siku hiyo hiyo akiwa hana hata moja. Hasara ni kidonda kinachohitaji kutunzwa, uwezekano wa kovu, na gharama ya siku hiyo kuwa kubwa. Hata baada ya upasuaji, chunjua zinaweza kuota tena.

Tiba za kujipaka nyumbani

Hizi hufaa mtu ambaye chunjua zake ziko mahali anapoweza kuziona na kuzifikia mwenyewe, baada ya daktari kuthibitisha ugonjwa na kumwonyesha namna ya kupaka.

Podofilotoksini ni ndugu wa podofilini aliyesafishwa. Hupakwa asubuhi na jioni kwa siku tatu, kisha unapumzika siku nne. Mzunguko huo hurudiwa hadi mara nne. Mjamzito asiitumie.

Imikwimodi ni krimu inayoamsha kinga ya ngozi ipambane na kirusi. Hupakwa usiku mara tatu kwa wiki, huoshwa asubuhi, na inaweza kuendelea hadi wiki 16. Ngozi kuwa nyekundu na kuwasha kidogo ni dalili kwamba inafanya kazi, lakini ikichubuka, pumzika na umwone daktari. Krimu hii hudhoofisha mpira wa kondomu. Haipatikani kila duka la dawa, na kwa kawaida bei yake iko juu kuliko dawa za kupakwa kituoni. Kwa mjamzito, kwa kawaida huepukwa.

Kusubiri nako ni uamuzi

Baadhi ya chunjua hutoweka zenyewe ndani ya miezi kadhaa. Mtu mwenye chache, ndogo, zisizomsumbua, na ambaye hana tatizo la kinga, anaweza kukubaliana na daktari wake kusubiri. Lakini kusubiri si kujificha. Ni kurudi kliniki kwa tarehe uliyopangiwa, na kukumbuka kwamba unaweza kumwambukiza mwenza katika muda huo.

Uchagueje?

Angalia mambo manne: ziko wapi, ni ngapi na kubwa kiasi gani, una ujauzito au la, na utaweza kuhudhuria mara ngapi.

Hilo la mwisho husahaulika. Tuseme mgonjwa anatoka Turiani kwenda Morogoro mjini kila wiki kupakwa asidi. Dawa yenyewe inaweza kuwa ya bei ndogo, lakini akipiga hesabu ya nauli za kwenda na kurudi kwa wiki sita, pamoja na siku sita za kazi alizopoteza, huenda upasuaji wa siku moja ukawa nafuu zaidi. Anayeishi jirani na kituo hesabu yake ni tofauti. Usione haya kumweleza daktari hali ya mfuko wako na umbali wa nyumbani. Akijua, atakupangia tiba utakayoimaliza, kwa maana tiba inayoachwa katikati ndiyo isiyosaidia.

Wengi huona nafuu ndani ya miezi mitatu. Iwapo umefuata tiba sawasawa hadi mwisho na hakuna mabadiliko, si wakati wa kuongeza dozi. Ni wakati wa kubadilisha aina ya tiba, au kuchunguza upya kama kweli ni chunjua.

Mama mjamzito

Wakati wa ujauzito chunjua huweza kukua haraka, kuongezeka na kutoa damu kirahisi. Mama mjamzito asishtuke, lakini aseme mapema kliniki. Anaweza kutibiwa kwa asidi, kwa kugandishwa au kwa upasuaji mdogo. Baada ya kujifungua nyingi hupungua zenyewe.

Kuwa na chunjua si sababu ya moja kwa moja ya kujifungua kwa upasuaji. Upasuaji hufikiriwa pale zinapoziba njia au zinapoweza kusababisha damu nyingi. Mara chache sana mtoto huambukizwa na baadaye kuota chunjua kwenye koo, sauti ikawa ya kukwaruza na pumzi ikawa ya shida. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe hospitali, na mama amweleze daktari kuwa aliwahi kuwa na chunjua.

Anayeishi na VVU

Kinga ikishuka, chunjua huwa nyingi, kubwa na sugu zaidi. Dawa ya kwanza hapa ni kutumia ARV bila kukosa. Kinga ikipanda, tiba ya chunjua hufanya kazi vizuri zaidi. Kundi hili lichunguzwe kwa makini, kwa sababu hatari ya mabadiliko ya saratani ni kubwa kuliko kwa wengine. Wanawake wenye VVU huanza kupimwa saratani ya mlango wa kizazi mapema kuliko wenzao, na hupimwa mara nyingi zaidi.

Mzazi ukiziona kwa mtoto

Hapa panahitaji utulivu. Mtoto mdogo anaweza kuwa alipata kirusi kwa mama wakati wa kuzaliwa, na chunjua zikaonekana baadaye sana. Anaweza pia kukipata kwa mikono ya mlezi mwenye chunjua za vidoleni anapomwogesha. Na inawezekana kuwa mtoto amefanyiwa ukatili wa kingono. Huwezi kutofautisha kwa kuangalia, na wewe mzazi si wa kulitatua hilo peke yako chumbani.

Usimpige mtoto, usimhoji kwa vitisho, na usimpake chochote. Mpeleke hospitali akachunguzwe na mtaalamu. Ukiwa na shaka ya ukatili, hospitali nyingi kubwa zina Vituo vya Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Lipo pia Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bure. Kulimaliza suala kimyakimya ndani ya familia humwacha mtoto mikononi mwa aliyemuumiza.

Kuhusu tiba, chunjua nyingi za watoto hutoweka zenyewe, kwa hiyo daktari anaweza kushauri kusubiri. Zikihitaji kuondolewa, hufanyika hospitali mtoto akiwa amelazwa usingizi wa dawa.

Usipake hivi

Usipake maji ya betri, jiki, magadi wala mchanganyiko usiojua umetengenezwa kwa nini. Usitumie dawa ya chunjua za mikono na miguu, kwa sababu ngozi ya sehemu za siri ni laini na huungua vibaya. Usizifunge kwa uzi wala kuzikata kwa wembe. Kidonda cha kuungua huacha makovu, huweza kubana njia ya mkojo au uke, na ni mlango wa maambukizi mengine, ikiwemo VVU. Acha kwa muda kunyoa eneo hilo kwa wembe, maana wembe husambaza kirusi. Epuka kujamiiana hadi vidonda vya tiba vipone. Kama unavuta sigara, hii ni sababu nyingine ya kuacha, kwa kuwa wavutaji hupona kwa taabu zaidi.

Kinga kwa watoto wetu

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sehemu ya ushahidi kwamba dozi moja inatosha ilitoka hapa hapa nyumbani, katika utafiti uliowahusisha wasichana 930 jijini Mwanza.

Lengo kuu la chanjo ni kuzuia saratani, lakini aina zinazokinga dhidi ya namba 6 na 11 huzuia pia chunjua. Australia ilianza chanjo ya aina hiyo mwaka 2007. Kufikia mwaka 2011, chunjua kwa wasichana wa chini ya miaka 21 waliofika katika kliniki za magonjwa ya ngono zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Hata kwa vijana wa kiume wa umri huo zilishuka sana, ilhali wakati huo wavulana walikuwa bado hawajaingizwa kwenye mpango.

Chanjo nyingine hukinga dhidi ya namba 16 na 18 tu, hivyo muulize mhudumu mtoto wako anapewa ipi. Yoyote atakayopewa itamkinga na saratani, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kumpeleka. Chanjo haitibu chunjua zilizokwisha kuota. Hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajaanza kujamiiana, na ndiyo sababu hutolewa katika umri huo mdogo. Si ruhusa ya kuanza ngono.

Maswali ya kwenda nayo kliniki

Andika kwenye karatasi au simu yako: Una uhakika ni chunjua? Nimepimwa kaswende na VVU? Tiba hii itachukua wiki ngapi, na gharama hadi mwisho ni kiasi gani? Nioshe dawa baada ya muda gani? Zikirudi, hatua inayofuata ni ipi? Kama una ujauzito, au siku zako zimechelewa, sema kabla hujapakwa chochote.

Usisubiri tarehe ya miadi iwapo chunjua inatoa damu isiyokata, inakua kwa kasi, imegeuka kidonda, inaziba mkojo au haja kubwa, au kama baada ya dawa umevimba na kupata homa. Nenda kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, na uwaeleze umepaka dawa gani, hata kama ni ya mtaani.